Zumu ya droni: angani au mezani? Tupeane uzoefu

Wakuu, ukitaka kitu kisogee karibu kwenye video, unazumu droni ikiwa hewani au unasubiri kuhariri? Njooni na namba.

Kipanga
Mezani, ila piga hesabu kwanza. 4K ina upana wa pikseli (nukta za picha) 3840, Full HD, yaani 1080p, 1920. Ukirekodi 4K na kazi ikatoka 1080p, unakuza hadi asilimia 200 bila kuvuta pikseli hata moja. 2.7K (upana wa 2700 hivi) inakomea kwenye 140 hivi. Kazi inayotoka 4K haina akiba hiyo: ukipita 110 au 115, majani ya miti yanageuka uji.

Fundi Fremu
Zumu ya kidijitali angani, yaani droni kukata kipande cha picha na kukikuza, ni mkasi uleule wa mezani, ila unakata mapema. Droni ya DJI Mini 2 ina sensa ya megapikseli 12, upana 4000. Ukizumu mara 2 kwenye 4K zinabaki kama 2000, zinavutwa zijaze 3840. Na ulichokata hakirudi.

Faida ipo ukirekodi 1080p, kama droni inakata kabla ya kubana video: biti zote (data ya video) zinaishia kwenye kipande unachokitaka. Ukija kukata robo ya fremu ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, robo hiyo imebeba kama 25 tu. Maji na nyasi ndiyo vinaumbuka kwanza.

Kipanga
Hapo sina ubishi.

Mzee wa Gimbali
Mmesahau zumu ya lenzi halisi, isiyokata picha. Ukiwa na droni ya Mavic 2 Zoom (lenzi ya milimita 24 hadi 48; namba ikikua, kitu kinasogea karibu) au lenzi ya 70 ya Air 3, zumu hukohuko angani. Ila punguza kwanza kasi ya kuzungusha droni na ya kuinamisha gimbali (kishikio kinachotuliza kamera), maana kwa milimita 70 kila mguso wa kijiti unaonekana karibu mara tatu. Upepo nao hivyohivyo.

Mkata Klipu
Kosa la mezani: programu ya kuhariri ikishaishusha klipu ya 4K kuwa 1080p ili ienee, kisha ukaikuza, unakuza picha iliyokwisha kupunguzwa. Iache klipu na ukubwa wake, ishushe kwa asilimia 50 kwenye kipimo cha ukubwa. Hapo akiba yote iko hai.

Pia zumu ya mwendo mmoja, 100 hadi 200 kwa sekunde 5, huanza kwa pupa na kuishia kwa uvivu: sekunde ya kwanza picha inakua asilimia 20, ya mwisho 11. Lainisha mwanzo. Na kama utatuliza mtikisiko, fanya hivyo kabla ya zumu, ukijua kutuliza nako kunakula kingo.