Fildi ya ubunifu: studio ndogo ya mambo ya mazingira, kampuni kubwa, au ofisi ya vyeti vya majengo?

Chipukizi (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Nasoma ubunifu wa bidhaa, nimebakiza mwaka mmoja, na chuo kinatutaka twende mafunzo kwa vitendo kabla ya muhula wa mwisho. Nimepata nafasi tatu na zote zinasubiri jibu.

Ya kwanza ni studio ndogo, watu watano pamoja na mwenyewe. Wanabuni vifungashio na samani, na hakuna ukurasa wa tovuti yao usio na neno "endelevu". Posho ni ya nauli tu. Ya pili ni idara ya ubunifu ya kampuni kubwa inayotengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani. Posho nzuri, wana kitengo kizima cha mazingira, ila mwanafunzi anapangiwa dawati moja tangu siku ya kuripoti hadi anapoaga. Ya tatu ni ofisi ya ushauri inayosaidia majengo kupata vyeti vya LEED na BREEAM, yaani vyeti vya majengo yanayojali mazingira. Posho ya wastani.

Moyo unanivuta studio, akili inaniambia kampuni kubwa. Mliopita huko nilinganishieni, hasa kwa hili: nitatoka nikiwa najua kufanya nini?

FundiKaratasi

Mleta mada, mimi nilipitia studio ya namna hiyo hiyo, tena ya vifungashio, na ndiyo kazi inayonilisha hadi leo. Nenda studio. Watu wakiwa watano hakuna kazi ya kumficha mwanafunzi. Asubuhi unakata sampuli ya boksi kwa kisu, mchana umekaa kwenye kikao na mteja, jioni unapiga simu kiwandani kuuliza karatasi ile ina nyuzi mpya kiasi gani na zilizorejelezwa kiasi gani. Kwenye kampuni kubwa simu hiyo ina mtu wake maalumu, na huenda usimjue hata kwa sura.

Halafu kuna somo la mteja, ambalo darasani hulipati. Mteja anakuja anataka plastiki inayooza kwa sababu kaona mshindani wake anayo. Inabidi umweleze kwamba kiwango cha EN 13432, kile cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, kinazungumzia mitambo ya mboji ya viwandani, kwenye joto kubwa na unyevu unaosimamiwa, na kinadai malighafi ioze kwa asilimia 90 ndani ya miezi 6. Kifungashio cha PLA, plastiki inayotokana na mimea, kikitupwa shimoni nyuma ya nyumba au kikafika baharini, ahadi hiyo haikihusu tena. Kama kule bidhaa inakouzwa hakuna mtambo wa hivyo, karatasi nyepesi isiyo na utando wa plastiki huenda ikawa jibu bora, ingawa haina jina la kutamba nalo kwenye tangazo. Kumwambia hayo mtu mwenye pesa yake, kwa heshima, bila kumpoteza, nilijifunza kwa kumsikiliza bosi wangu akifanya. Kampuni kubwa humuoni mteja.

Mizani

Namheshimu FundiKaratasi lakini hapa tunaachana. Kukaa karibu na kazi ni jambo moja, kufundishwa ni jingine. Kazi yangu ni tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, yaani kupima madhara yake kwa mazingira tangu malighafi hadi inapotupwa, na studio ndogo nyingi zinazoniletea miradi zinakuja bila namba hata moja. Wana imani: mbao nzuri, plastiki mbaya, kioo kizuri. Sasa chukua kioo. Chupa yake ni nzito, na tanuru la kuyeyushia linakaribia nyuzi joto 1500. Ikitumika mara moja na kutupwa, chupa hiyo inaweza kuzidiwa na ya plastiki kwa mbali upande wa kaboni. Ikirudishwa, ikaoshwa na kujazwa tena na tena, hesabu inageuka. Kwa hiyo jibu liko kwenye idadi ya mizunguko, umbali wa safari ya kurudi na maji ya kuoshea. Ukilitafuta kwenye kioo chenyewe hulioni.

Mdogo wangu, wapigie studio uwaulize: mradi wenu wa mwisho mliupimaje? Wakitaja ISO 14040 na 14044, viwango vya kimataifa vya tathmini hiyo, vizuri sana. Wakikuonyesha jedwali la kawaida tu, uzito wa kila malighafi ukizidishwa kwa kaboni ya kila kilo, hapo pia pana shule. Wasijitetee kwa gharama. Programu ya openLCA ya kufanyia tathmini hiyo ni ya bure, kinacholipiwa ni kanzidata kubwa kama ecoinvent. Na kwa vifaa vya ujenzi ipo kanzidata ya kaboni iitwayo ICE, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Bath, nayo haina malipo.

Wakikujibu kwa karatasi ya kahawia na picha za majani, basi utamaliza fildi unachora majani.

Nuru_K

Mizani umenichoma, mimi nimeyachora hayo majani. Nembo baada ya nembo, zote kijani, na hakuna siku niliyosikia bidhaa yenyewe ina uzito gani.

Ila kampuni kubwa naona haina wakili humu, acha niwe mimi, maana ndiko niliko sasa. Vyombo vya umeme ndiko sheria zinakobana. Ufaransa ilianzisha alama ya urahisi wa kutengeneza Januari 2021, ikaanza na bidhaa kama simu janja, kompyuta mpakato, televisheni na mashine za kufulia. Bidhaa inauzwa ikiwa na alama yake, kati ya 0 na 10, karibu na bei. Wanaangalia nyaraka za ufundi, urahisi wa kuifungua, upatikanaji wa vipuri, bei ya vipuri, na vigezo vya bidhaa yenyewe. Sasa jiulize nani anaamua kama betri imebandikwa kwa gundi au imeshikwa kwa skrubu. Ni mbunifu, tena mapema, wakati bidhaa bado ni mchoro. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha kanuni ya ubunifu wa bidhaa endelevu mwaka 2024, na ndani yake kuna pasipoti ya kidijitali ya bidhaa, yaani rekodi ya taarifa zake. Studio ndogo wanaisoma kanuni hiyo kama habari za dunia. Kwetu ilivyotoka, watu walianza kuitana vikaoni.

Kwa hiyo dawati moja lisikutishe. Mwanafunzi aliyekaa kwenye dawati la kufungua bidhaa, akahesabu skrubu, akapima dakika za kufikia betri na kuorodhesha bisibisi zinazohitajika, anatoka na kitu ambacho wenzake wa darasani hawana. Swali ni dawati lipi. Ukipewa la kuandaa slaidi za ripoti ya mwaka, kimbia.

Shida yangu na huku ni usiri. Unasaini karatasi siku ya kwanza, na bidhaa uliyogusa inaweza isitoke sokoni hadi umeshahitimu. Jalada lako la kazi (portfolio) linakaa tupu.

Zege

Kuhusu ofisi ya vyeti, kwa ufupi kwa sababu naona mleta mada hana hamu nayo. BREEAM ni ya tangu 1990, ya Uingereza. LEED ya Marekani ikafuata. LEED ina alama 110: ukifika 40 unapata cheti, 50 fedha, 60 dhahabu, 80 platinamu. Siku yako itakuwa kukusanya ushahidi wa kila alama: risiti, barua za wauzaji, picha za eneo la ujenzi, matamko ya mazingira ya bidhaa yaliyoandaliwa kwa kiwango cha ISO 14025. Utajifunza kutomwamini mtu bila karatasi, na huo ni ujuzi mkubwa. Ila hutabuni chochote. Upande wa uzito wa jambo lenyewe tunawazidi wote humu, kwa sababu saruji peke yake ni takriban asilimia 8 ya kaboni dioksaidi inayotoka kwa shughuli za binadamu, na boksi la FundiKaratasi haliwezi kusimama hapo. Kwa mbunifu wa bidhaa lakini, ningesema pita.

FundiKaratasi

Zege, saruji yako inafika ghalani imefungwa kwenye nini?

Zege

Haya, mifuko. Umeshinda.

Mama_Karakana

Wanangu, shikamooni hamjaniamkia lakini nawasamehe. Mimi ni mwenye studio ndogo, napokea wanafunzi, kwa hiyo sikilizeni na upande wa pili.

Mwanafunzi ananigharimu saa kabla hajanipa kitu. Wiki za mwanzo nakaa naye mimi mwenyewe, na saa hizo simtozi mteja yeyote. Kwa sababu hiyo wenye studio wengi wanajiambia kwamba posho si lazima, kwani wanatoa elimu. Nawaelewa na sikubaliani nao. Mwanafunzi akishaanza kuchora kitu ambacho mteja atalipia, hiyo ni kazi, na kazi ina malipo. Jambo hili lilishawaumbua wakubwa. Mwaka 2019 jumba la sanaa la Serpentine la London lilipata kelele nyingi baada ya kujulikana kwamba ofisi iliyopewa kubuni banda lake la mwaka huo ilikuwa inatafuta wanafunzi wa kufanya kazi bila malipo, na jumba likaagiza kwamba kila atakayeshika mradi ule alipwe. RIBA, chama cha wasanifu majengo cha Uingereza, kinazitaka ofisi zilizosajiliwa nacho ziwalipe wanafunzi angalau kima cha chini. Studio inayopima kila gramu ya kadibodi na haijui mwanafunzi wake anakula nini ina kasoro ndani ya hesabu yake.

Mwanangu Chipukizi, usiwatupe kwa sababu ya posho ya nauli, lakini usiinyamazie pia. Waombe siku chache kwa wiki ili zilizobaki utafute riziki, au waombe posho ipande ukianza kugusa miradi ya wateja. Studio yenye adabu itajadiliana na wewe. Ikikasirika kwa swali, umeshapata jibu bila kupoteza muda.

Na uulize nani atakayekaa na kazi yako kila wiki. Jina la mtu. "Sote tutakusaidia" maana yake hakuna atakayekusaidia, hasa ofisi ikiwa na watu watano na wote wana tarehe ya kukabidhi kazi.

Mizani

Shikamoo mama. Nakazia hilo la jina la mtu. Ningeliweka juu hata ya swali langu la vipimo, kwa sababu mtu anayekagua kazi yako kila wiki anaweza kukufundisha kupima hata kama studio haina mazoea hayo. Kinyume chake haiwezekani.

Chipukizi

Shikamoo mama, na shukrani wakuu wote. Nimewapigia studio. Jedwali la uzito na kaboni wanalo, walinionyesha la kiti walichomaliza karibuni, ila tathmini kamili hawafanyi, wanaagiza nje mteja akitaka. Nimepewa jina la mbunifu mmoja mwandamizi atakayekagua kazi yangu. Kuhusu posho wamesema watajadili. Kampuni kubwa nimewauliza dawati lipi, wakanijibu "itategemea mahitaji".

Kitu kimoja kimenisumbua. Tovuti ya studio inasema asilimia 80 ya madhara ya bidhaa kwa mazingira huamuliwa wakati wa kubuni. Ni kweli au ni majani ya Nuru_K?

Mizani

Namba hiyo ipo hata kwenye nyaraka za Tume ya Ulaya, kwa hiyo hawakuitunga. Lakini ni namba ya jumla mno kufanyia kazi, na mbunifu akiiegemea anaacha kuangalia bidhaa iliyo mbele yake. Linganisha kiti na birika la umeme. Kiti kikishatoka karakanani hakili umeme. Madhara yake karibu yote yako kwenye malighafi, gundi, rangi na usafiri, kwa hiyo hapo mbunifu ana nguvu kweli, pamoja na kukifanya kidumu. Birika linakula umeme kila siku ya maisha yake, na kosa kubwa la watumiaji ni kuchemsha maji mengi kuliko wanayohitaji. Ukibadilisha plastiki ya mwili wake kuwa iliyorejelezwa umefanya jambo dogo. Ukiweka kipimo kinachoonekana vizuri, na birika likakubali kuchemsha kikombe kimoja, umegusa penyewe.

Ukifika studio, chukua lile jedwali la kiti uwaombe waongeze safu ya matumizi na ya mwisho wa maisha. Hiyo itakuwa kazi yako ya kwanza, na ni ya kuweka kwenye jalada.

Nuru_K

Na hilo la jalada lipate karatasi kabla hujaanza: kazi ipi unaruhusiwa kuonyesha, lini, na jina lako litatajwaje. Studio ndogo wanasahau tu, hawana nia mbaya, halafu ukishaondoka kumpata mwenyewe ni kazi. "Itategemea mahitaji" ni slaidi hizo, nakuambia.

Mama_Karakana

Barua iwe na vitu hivi: jina la msimamizi, siku za wiki, posho na lini itapitiwa upya, na hilo la Nuru_K la kuonyesha kazi. Ukurasa mmoja unatosha. Hao kampuni kubwa usiwakatae hadi studio wasaini.

Chipukizi

Nimeandika na nimetuma studio leo hii. Nimeomba siku nne kwa wiki, na posho ipitiwe mwezi wa pili. Kampuni kubwa wamenipa hadi Ijumaa kuthibitisha, kwa hiyo bado wako mezani.