Naomba ushauri: kasha moja la kukagulia lenzi za miwani

Mkono_wa_Fremu

Wakuu, habari za kazi. Nakata lenzi na kuzifunga kwenye fremu. Nataka nijitengenezee kasha la kukagulia miwani kabla haijamfikia mwenyewe: nione mikwaruzo, nione mkazo pale fremu inapoibana lenzi, nisome alama zilizofichwa za progresivu (lenzi za kuona mbali na karibu bila mstari), nijue kama lenzi inazuia UV, na ikiwezekana nisome namba yake, yaani nguvu ya lenzi. Kamera ndogo juu, taa za LED chini, lenzi katikati.

Kinachonisumbua ni mwanga. Nikiweka akriliki ya maziwa (plastiki nyeupe inayosambaza mwanga) juu ya taa, mkazo unaonekana vizuri sana kati ya vichujio viwili vya polaraizi (vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu), ila mikwaruzo inapotea kabisa. Nikiiondoa, kamera inaona vitone vya LED tu. Kuna mpangilio mmoja wa taa unaofaa kwa yote, au najisumbua bure? Natanguliza shukrani.

Nuru_ya_Pembeni

Mkuu, mwanga mmoja wa kufanya yote haupo. Mkwaruzo huonekana pale unapotawanya mwanga uliotokea ubavuni, nyuma yake kukiwa cheusi. Mwanga uliosambaa kutoka chini unaufunika. Fanya pete ya LED kuzunguka lenzi, chini kidogo ya ukingo wake, taa zikitazama katikati, na sakafu ya kasha uivishe kitambaa cheusi kisichong'aa. Zima taa ya chini, washa pete. Vumbi nalo litawaka, kwa hiyo futa lenzi kwanza. Kinachobaki baada ya kufuta ndicho cha kuhesabu.

Umbali wa kamera na lenzi usibadilike kamwe. Taa ndizo zibadilike, kila moja na swichi yake. Na ukitaka kupunguza mwanga, punguza mkondo wa umeme wenyewe. Zile saketi zinazowasha na kuzima LED harakaharaka huleta mistari kwenye picha.

MamaOptiki

Naunga mkono. Kwenye mkazo, fuata mpangilio huu: taa, akriliki, kichujio cha kwanza, lenzi, kichujio cha pili, kamera. Akriliki ikikaa baada ya kichujio cha kwanza, inavuruga polaraizi na hutapata giza kamili. Skrini nyingi za LCD zikiwa na ukurasa mweupe tayari zinatoa mwanga wa polaraizi, hivyo unahitaji kichujio kimoja tu. Kizungushe mbele ya skrini. Ikifika mahali ikawa giza, inafaa.

Ila ndugu yangu, usiirudishe kila lenzi inayoonyesha rangi kati ya vichujio. Lenzi za plastiki ngumu ya polikaboneti mara nyingi hutoka kiwandani na mkazo wake, zile za plastiki ya kawaida, CR-39, huwa tulivu zaidi. Wewe tafuta mistari inayong'aa iliyoshikamana na ukingo, hasa karibu na skrubu ya fremu. Legeza skrubu nusu mzunguko huku unatazama. Mistari ikififia papo hapo, lenzi imekatwa kubwa. Itoe uisage kidogo.

Alama za progresivu ziko mbili, zimeachana milimita 34, na adisheni (nguvu ya ziada ya kusomea) imeandikwa chini ya ile ya upande wa sikio. Weka karatasi ya mistari myeusi na myeupe juu ya akriliki uisogeze taratibu. Alama hujitokeza pale weupe unapokutana na weusi.

Volti_Tano

UV itengee njia yake: LED ya nanomita 365, tundu, lenzi, kisha kihisi. Usiipitishe kwenye akriliki, nyingi zinaimeza. Kihisi kisione mwanga wa kawaida, la sivyo lenzi safi inayozuia UV vizuri itaonekana mbovu. Soma bila lenzi, soma na lenzi, linganisha. Ujue tu kwamba kufaulu kwenye 365 hakuthibitishi ahadi ya kuzuia mpaka 400. Hiyo inataka spektromita, kifaa kinachopima kila rangi ya mwanga peke yake. Na tafadhali weka swichi kwenye mfuniko, ukifunguliwa tu LED hiyo izimike. Macho yako ni yale yale unayofanyia kazi.

Mkono_wa_Fremu

Shukrani sana. Na namba ya lenzi je? Niweke gridi ya vitone chini, kamera ipime vinavyosogea?

Volti_Tano

Inawezekana. Gridi ikiwa karibu na lenzi, lenzi ya plasi inavitanua vitone, ya mainasi inavikusanya, na ya astigmatizimu (nguvu isiyo sawa pande zote) inaugeuza mraba kuwa mstatili au inaulaza upande. Tumia LED ya kijani, karibu na nanomita 546, ambayo ni mojawapo ya rangi za rejea za vipimo hivi. Mwanga mweupe utakusumbua: namba ya Abbe ya polikaboneti (ikiwa ndogo, lenzi hutawanya rangi zaidi) ni kama 30, maana yake lenzi ya dayopta 6, kipimo cha nguvu ya lenzi, inatofautiana kwa takriban dayopta 0.20 kati ya buluu na nyekundu. Hiyo ni karibu hatua nzima ya 0.25 ya namba za miwani.

MamaOptiki

Na namba husomwa kutoka uso wa nyuma, ule unaotazama jicho. Uso huo ukae juu ya pete ile ile ya kushikilia lenzi (siyo ile ya LED) kila mara, vinginevyo lenzi kali zitakupa namba tofauti kila ukipima. Linganisha na lenzi za majaribio, plasi na mainasi, kabla ya kuamini chochote. Kwa maoni yangu kasha likuambie "hii inatia shaka", halafu lenzomita, mashine ya kupimia namba ya lenzi, ndiyo iamue.

Acha uwazi upande mmoja ili mikono ya miwani ipite bila kukunjwa, na pete hiyo ya kushikilia lenzi iwe ya nailoni, siyo chuma.