Naomba ushauri: ndevu zimeota mvi, leza haizigusi

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 61, huvaa mavazi ya kike, ngozi yangu nyeusi. Ninajuta sana kuchelewa: leza ya kuondoa nywele hufuata weusi wa unywele, na kidevu changu sasa karibu chote ni mvi. Vipindi 6 vya leza ya nanomita 1064 (aina inayotumika kwa ngozi nyeusi) vimeondoa nywele nyeusi tu. Mvi zimebaki ngumu kama brashi, na ikifika saa nane mchana zimeshatokeza juu ya faundesheni. Nikinyoa kinyume na zinavyoota, shingo inajaa vipele.

Nataka kujaribu elektrolisisi, ile sindano ya umeme inayoua shina moja moja. Wenye ngozi nyeusi mliofanya, mliachanisha vipindi siku ngapi ili madoa yasibaki? Na krimu ya retinoli ninayopaka usiku niisitishe siku ngapi kabla?