Mtoto wa miezi saba anaenda Muheza kwa mara ya kwanza

Mama wa Leicester, Novemba

Ndugu zangu, habari za baridi.

Tunasafiri Desemba 12, wiki tatu. Mama mkwe yuko Muheza na mjukuu wake hajamwona ila kwenye simu. Mtoto atakuwa anakaribia miezi minane. Mimi nimezaliwa na kukulia Tanga mjini, malaria nimeugua hadi nimepoteza hesabu: unameza dawa, unalala siku mbili, ya tatu unarudi shule. Kwa hiyo nikimwambia mume wangu kwamba naogopa, ananishangaa. "Kwani sisi hatukukua na mbu?"

Lakini naogopa. Muheza si mahali pa mchezo kwa malaria, watafiti wake wamepiga kambi Amani na pale mjini miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo, na tutafika vuli ikiwa ndiyo kwanza inamalizika. Namnyonyesha bado. Je, maziwa yangu yanamkinga? Kuna dawa ya kinga kwa mtoto mdogo kiasi hiki, na inatolewa bure kama dawa zake nyingine? Halafu hili ndilo linaloninyima usingizi zaidi: nitamwambiaje mama mkwe kwamba mtoto hawezi kukaa naye barazani jioni mbu wanapoanza, bila kuonekana nimekuja na maringo ya Ulaya?


Baba wa watatu, Reading

Dada, nenda mkamwone bibi. Ila shemeji msomee haya.

Mwaka 2019 tulikwenda Tabora, familia nzima, wiki mbili. Mdogo wetu alikuwa na miaka minne, kazaliwa hapa. Dawa ya kinga hatukununua. Tulipiga hesabu ya watu watano, tukaona ni pesa nyingi, tukasema ni wiki mbili tu. Chandarua tulitumia usiku tuliokumbuka.

Siku ya kumi na moja baada ya kurudi mtoto akapata homa. Tukampa dawa ya kuishusha, asubuhi anacheza, usiku inapanda tena. Siku ya pili nikapiga simu kwa daktari. Nikaambiwa ni virusi, watoto wengi wa chekechea wanavyo msimu huu, mpe maji mengi. Hawakuniuliza kama tumesafiri, na mimi sikusema. Niliona haina uhusiano, tulisharudi siku nyingi. Hapo ndipo moyo unaponiuma hadi leo.

Begini nilikuwa na mseto, dawa ya kutibu malaria, nilioununua Tabora, kama wengi wetu tunavyofanya. Nikataka kumpa mwenyewe. Mke wangu akakataa kata kata, akasema hatujui anaumwa nini wala dozi yake. Usiku wa nne akapata degedege.

Mnajua degedege linavyosemwa kwetu. Ni ndege, ni shetani, na mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Mimi nimesoma hadi chuo kikuu, na usiku ule maneno hayo yote yalinirudia kichwani nikiwa nimemshika mwanangu sakafuni. Wahudumu wa gari la wagonjwa ndio waliouliza swali la kwanza la maana: mmetoka nchi gani karibuni? Damu ikapimwa, ni malaria ile kali, falsiparamu. Alitundikiwa artesunate kwenye mshipa na kulazwa siku tano. Sindano ile tuliyofundishwa kuiogopa ndiyo iliyomponya.

Shemeji, sisi tulikua na mbu, ni kweli. Watoto wetu hawakukua nao.


Nesi mstaafu, Birmingham

Mama wa Leicester, pokea salamu zangu. Baba wa Reading, pole sana mwanangu, na ahsante kwa kuyaandika, maana wengi huyaficha.

Mimi ni wa Mombasa, nimefanya kazi wodi za watoto hapa Uingereza miaka mingi. Mwaka 2023 kesi za malaria zilizothibitishwa nchini humu zilipita 2,000, na sehemu kubwa ya wagonjwa si watalii wa mbuga za wanyama. Ni sisi, tuliokwenda kusalimia wazazi. Mtalii anameza dawa kwa sababu anaogopa Afrika. Sisi hatumezi kwa sababu tunakwenda kwetu.

Kinga ya malaria hujengwa kwa kuugua tena na tena, na ukikaa miaka nje inalegea. Kwa hiyo hata wewe, mama, usijihesabu mtu wa Tanga tena mbele ya mbu wa Tanga. Dawa ya kinga ni yako pia na ya mumeo. Mtoto wenu hana kinga hata chembe. Ile kidogo anayopewa mtoto tumboni inaisha miezi ya mwanzo, tena lazima mama awe nayo ya kumpa. Maziwa yako mpe, yatamwepusha na mengi, hasa kuhara, lakini malaria hayaizuii. Na usidhani dawa utakayomeza wewe itamfikia kupitia ziwa. Inayopita ni ndogo mno. Anahitaji dozi yake.

Dawa zipo. Ya atovakwoni na proguanili huanza siku moja au mbili kabla ya kufika, kila siku mkiwa huko, na siku saba baada ya kuondoka. Ya meflokwini ni mara moja kwa wiki, huanza wiki mbili au tatu kabla, na huendelea wiki nne baada ya kurudi. Hii haifai kwa aliyewahi kuwa na kifafa au maradhi ya akili. Hizi mbili hapa Uingereza hutolewa kwa watoto kuanzia kilo 5. Doksisaiklini si ya walio chini ya miaka 12. Dozi inakwenda kwa uzito wa mtoto wala si umri, kwa hiyo mpeleke akapimwe wiki hizi, usichukue kilo zilizoandikwa Septemba kwenye kitabu chake chekundu cha kliniki. Kidonge kinakatwa, kinasagwa, kinachanganywa na chakula chenye mafuta au maziwa. Akiwa anatumia ile ya kila siku, na akatapika kabla ya saa moja kupita, mrudishie dozi. Na siku saba za mwisho msizikate! Wengi huacha wakishatua Heathrow, na vimelea vilivyoingia siku ya mwisho bado viko kwenye ini.

Bure? Hapana. Chanjo kadhaa za safari ni bure, dawa ya kinga ya malaria mnanunua, hata ya mtoto. Nendeni kliniki ya wasafiri au famasia inayoshughulika na safari sasa hivi, msingoje wiki ya mwisho. Tena nunueni huku, msiseme mtanunua Tanga, kwa sababu dawa bandia zipo na mtoto si wa kumjaribia.

Na kwa daktari wenu hapa, kabla hamjaondoka, ulizeni chanjo ya surua. Kwa kawaida hapa mtoto huchomwa akifika mwaka, lakini anayesafiri kwenda nchi zenye surua anaweza kuchomwa mapema kuanzia miezi sita. Ile ya mapema haihesabiwi, za ratiba yake atazipata zote vile vile. Kuna atakayeuliza kuhusu chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa magharibi ya Kenya mwaka 2019. Hiyo ni ya watoto wanaoishi huko, ina dozi kadhaa za miezi mingi, wasafiri hawapewi.

Chandarua chukueni huku, kile cha kitanda cha mtoto chenye zipu na chenye dawa. Mtoto alale ndani yake hata usingizi wa mchana. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET, isiyozidi asilimia 50, inaruhusiwa kuanzia miezi miwili. Mpake wewe mwenyewe, usimpake viganjani maana atavitia mdomoni. Kama ni mchana na umempaka mafuta ya kuzuia jua, DEET inakuja juu yake.

Sasa la mama mkwe. Mwanangu, wewe ni wa Pwani. Hukumbuki magharibi ilivyokuwa? Jua likizama unaitwa kila nyumba: watoto ndani! Mtoto mchanga hatolewi nje magharibi, atakumbwa na upepo mbaya. Mbu wa malaria naye huanza kuuma giza likiingia na hubaki hadi alfajiri. Wazee wetu walijua saa, hata kama jina la adui walilitaja jingine. Huna haja ya kumletea mama mkwe somo la Uingereza. Mwombe akusaidie kushika desturi yake. Alasiri yote mtoto ni wake, barazani, mwembeni, popote. Magharibi waingie wote wawili.

Na kiti cha gari cha mtoto, kibebeni. Barabara ya Segera nayo si ya kupakata mtoto.


Dada wa Hamburg

Shikamoo mama. Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wenzangu. Nina mimba ya wiki 20, mdogo wangu anaolewa Kisumu mwezi ujao. Kliniki za nyumbani wajawazito wanapewa SP, vile vidonge vya kuzuia malaria, nikifika nikanywe hiyo tu, haitoshi?


Nesi mstaafu, Birmingham

Marahaba mwanangu.

Haitoshi. SP ile ni mpango wa wanaoishi huko na kuhudhuria kliniki mwezi baada ya mwezi. Haimkingi msafiri. Na Kisumu si Nairobi. Nairobi malaria ni kidogo, ukanda wa ziwa ni jambo jingine kabisa.

Nitakwambia bila kuzunguka, kwa sababu nimekaa na akina mama baada ya jambo hili. Mjamzito huvutia mbu kuliko wengine, na vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma. Mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa njiti. Ushauri wa madaktari ni mjamzito asiende penye malaria kama safari inaweza kuahirishwa. Kama haiwezi, kuna meflokwini, ambayo katika umri wa mimba yako hutolewa, lakini inataka kuanza wiki mbili au tatu kabla, yaani uamuzi ni wiki hii. Hapo Hamburg mna Bernhard-Nocht-Institut, taasisi ya magonjwa ya joto tangu 1900. Watu wa nchi nyingine wangetamani kuwa na mlango kama huo karibu. Nenda. Shirika la ndege nalo uliza, mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki 28.


Dada wa Hamburg

Nimekwenda. Siendi Kisumu. Nimempigia mdogo wangu, amelia, nami nimelia. Mama amesema nizae kwanza, sherehe ya kumtambulisha mtoto itafanywa upya.


Mama wa Leicester, Januari

Ndugu zangu, tumerudi salama. Nina deni la shukrani kwenu wote.

Mama mkwe sikumfundisha neno. Siku ya kwanza, jua lilipoanza kushuka nyuma ya michungwa, nikasema tu, "Mama, magharibi hii." Akamnyanyua mtoto mwenyewe, akaingia naye, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwafokea watu wazima mlango ukibaki wazi. Chandarua cha zipu alikiita nyumba ya mgeni.

Dawa ilikuwa kazi. Alitema mara mbili, mara moja akatapika yote baada ya dakika kama ishirini, tukarudia. Nilipomchanganyia kwenye ndizi iliyopondwa na tui zito, ndipo akakubali. Mume wangu alimeza zake zote, na siku za mwisho ndiye aliyekuwa akinikumbusha mimi.

Siku ya tisa tukiwa hapa Leicester, mtoto akapata homa, 38.6. Nilisikia miguu inaniishia. Sikumpigia mtu simu ya ushauri. Nilimpeleka kitengo cha dharura usiku ule ule, na neno langu la kwanza dirishani lilikuwa: mtoto huyu ametoka Tanzania siku tisa zilizopita, naomba apimwe malaria sasa. Waliniuliza kama alikuwa anatumia dawa ya kinga, nikasema ndiyo, wakampima hivyo hivyo, kwa sababu dawa hupunguza hatari lakini haiimalizi. Kipimo cha kwanza safi. Daktari akaeleza kwamba kimoja hakitoshi, vimelea vikiwa vichache havionekani, tukarudishwa kesho yake na kesho kutwa. Vyote vitatu safi. Kumbe ni sikio.

Daktari alisema tuendelee kutaja safari hii kwa kila homa hadi mwaka upite, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Nimeandika tarehe tuliyorudi kwenye jalada la kitabu chake chekundu, kwa kalamu nene, ili hata akienda na baba yake waione. Surua yake ya mwaka mmoja imepangwa Aprili.

Chandarua tumekiacha Muheza. Wifi yangu anajifungua mwezi wa tatu.