Losheni ya mwarobaini na manjano inajitenga, unga unazama chini. Naombeni ushauri

Binti Mikindani:
Habarini wapendwa. Nipo Mtwara, natengeneza losheni nyumbani mwaka wa pili huu nauzia majirani. Naweka mafuta ya nazi na ufuta, unga wa majani ya mwarobaini, manjano, maji ya alovera, na nta ya nyuki nayeyusha humo humo. Nikipiga blenda inatoka laini inavutia, ila ikilala siku mbili tu mafuta juu, maji katikati, chini tope la kijani. Juzi mteja kanirudishia chupa, anasema mwanzo alikuwa anapaka mafuta matupu, ilipofika nusu ikawa inamkwaruza na kanga yake nyeupe imeingia manjano. Hela nimemrudishia ila nimeumia sana, yule ndo mteja wangu wa kwanza kabisa. Nifanyeje dawa isambae sawa chupa nzima?

Mkorosho:
Ongeza nta dada, ikiwa nzito unga hauzami.

Mama Shangani:
Hapana jamani, nta ya nyuki inagandisha mafuta tu, haiyashiki na maji. Pole mdogo wangu, hapo una matatizo mawili. La kwanza unga: hata uusage vipi hauyeyuki, utazama tu. Rangi ya manjano inakubali mafuta, maji inayakataa, kwa hiyo loweka manjano na mwarobaini mkavu kwenye mafuta, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo masaa mawili matatu yasichemke, halafu chuja kwa kitambaa mara mbili mpaka ukisugua tone kwenye vidole usisikie chenga. Manjano weka kidogo sana, hata yakichujwa yanachafua nguo.
La pili, tafuta nta ya emalsifaya, hiyo ndo inashikisha maji na mafuta. Kwa gramu 500 mie naweka mafuta yaliyochujwa 100, emalsifaya 30, gliserini 20, maji 344, zanthani (unga wa kufanya losheni iwe nzito) 1 nimeikoroga kwanza kwenye gliserini isifanye mabonge, na kihifadhi (cha kuzuia ukungu na vijidudu) 5. Pima kwa mizani, vijiko vinadanganya. Mafuta na emalsifaya chombo chake, maji chombo chake, vyote vifike nyuzi 70 ndo uchanganye, na usiache kukoroga mpaka ipoe, wengi wanaharibu hapo maana wakiona imekuwa nyeupe wanaondoka. Kihifadhi kinaingia ikishuka chini ya 40.

Wa Lindi Mjini:
Hicho kihifadhi usikiruke hata kidogo, losheni yenye maji na alovera mbichi kwa joto letu hili inaota ukungu upesi, na vijidudu vingine huvioni kwa macho. Frijini haitoshi. Ya mwarobaini usimpe mtu akapake mtoto mchanga. Ukitaka kuuza zaidi ya majirani, vipodozi vinasajiliwa TBS (Shirika la Viwango), kaanzie SIDO (shirika la viwanda vidogo) hapo hapo Mtwara wakuelekeze.

Binti Mikindani:
Ahsanteni sana, dada Shangani Mungu akubariki. Mie nilikuwa naongeza unga nikijua ndo dawa inakuwa kali kumbe nauzia watu tope. Nimeloweka mafuta leo, nimechuja kwa kipande cha kanga kuukuu, yametoka ya kijani yanang'aa hayana chenga hata moja. Emalsifaya naagiza Dar. Ikija natengeneza chupa moja tu, naiweka dirishani panapopiga joto wiki mbili, isipojitenga ya kwanza nampelekea yule mama bure.