Tupeane uzoefu: kazi zako zote ziko Google, kishikwambi chako ni iPad. Unaishije?

Mwanzisha uzi, Dodoma

Salaam wakuu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu, nami nikapata changu. Ndicho kilichonizoesha kuweka kila kitu Google Drive, yaani hifadhi ya Google ya mtandaoni: maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani, alama za wanafunzi. Mwaka jana dada yangu aliyeko Uingereza akanipa iPad yake, kishikwambi cha Apple. Nilifurahi, lakini hofu ilikuwepo, maana mwenzangu mmoja kazini aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba Google na Apple haviivi chungu kimoja, na itabidi nihamishie kila kitu iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Nafasi ya bure ya iCloud ni GB 5. Ya Google ni GB 15, na mimi nilishafika 11.

Sikuhamisha hata faili moja. Niliingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti za barua, nikachagua Google na kuweka nywila. Baada ya dakika chache namba za watu zikashuka, kalenda ikajaa. Isipokuwa kalenda ya idara, ile ambayo mwalimu wa taaluma ametushirikisha sote, hiyo haikuonekana. Nikakosa kikao cha kupitia mitihani, na hilo liliniuma sana. Kumbe Google ina ukurasa wake wa kuchagua ni kalenda zipi ulizoshirikishwa zionekane kwenye vifaa vya Apple. Ukishaweka alama pale na kuhifadhi, zinakuja.

Jambo la pili ni Drive bila mtandao. Nilikwenda msibani kijijini, Kondoa, nikajua jioni nitapitia karatasi za mtihani. Majina ya mafaili yote niliyaona, lakini hakuna lililofunguka. Majina tu ndiyo yaliyokuwa kwenye iPad. Mafaili yenyewe yalikuwa Google. Siku hizi kabla ya safari nagusa kila faili ninalolihitaji na kuliamuru lipatikane bila mtandao, kisha nazima data na kulifungua ili nihakikishe. Hiyo hatua ya kuzima data msiiruke.

Nataka kusikia wenzangu mnaotumia huduma za kampuni moja kwenye kifaa cha mshindani wake. Nini kimewakubali, nini kimewagomea?

Mombasa, mhasibu

Mwalimu, shukran kwa kutufungulia. Mimi kwangu ni Microsoft ndani ya iPad. Word, Excel na PowerPoint ziliingia kwenye iPad Machi 2014, mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, akiwa na wiki chache tu kwenye kiti, na mimi nimezitumia miaka mingi kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini.

Mambo mawili yanatatiza watu. La kwanza ni ukubwa wa kioo. Kisichozidi inchi 10.1 unahariri bure. Kikizidi hapo unasoma tu mpaka ulipie. Mwanangu ana iPad mini, anahariri bila kulipa. Yangu ni ya inchi 10.9, nalipa. Kabla hujanunua, pima.

La pili limenigharimu. Jedwali letu la kukokotoa ushuru lina makro, yaani kitufe unachobonyeza kikapiga hesabu zote. Makro haziendeshwi kwenye Excel ya iPad. Jedwali linafunguka vizuri, rangi zote ziko, unaingiza bei mpya, lakini kile kitufe hakikokotoi kitu. Nikamtumia mteja hesabu ambayo jumla yake ilikuwa ya mzigo wa wiki iliyopita. Nilimpigia simu kuomba radhi na kumrekebishia. Tangu siku hiyo jedwali lile nalifungua kwenye kompyuta ya ofisini pekee, na la kwenye iPad nimeliandika upya kwa fomula za kawaida.

Maskati

Assalaam aleikum jamaa zangu. Mie nataka kuwakumbusha tulikotoka. iPad ya kwanza ilipouzwa Aprili 2010 ilikuja na ramani zenye data ya Google na YouTube ndani yake, mtu hakuwa na haja ya kupakua. Septemba 2012 likaja toleo la 6 la iOS, mfumo uliokuwa ukiendesha iPad, vyote viwili vikaondoka. Apple wakaweka ramani zao wenyewe, zikawa na makosa mengi hata Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, akaandika barua ya kuomba radhi mwezi huohuo, na katika barua ile akawaelekeza wateja watumie ramani za wengine, za Google zikiwemo, mpaka zao zitengemae. Programu ya Google Maps ya iPad yenyewe ilikuja Julai 2013. Miezi kumi nzima mie nilifungua ramani kwenye Safari, kivinjari cha Apple, nikaiweka alama yake juu ya kioo kama programu.

Leo mambo ni mepesi. Tangu toleo la 14, Septemba 2020, unaweza kuchagua Chrome, kivinjari cha Google, iwe ndiyo inayofungua viungo, na Gmail iwe ya barua. Ila ndugu zangu, jueni kwamba huku tuliko Chrome ya iPad kwa ndani inatumia injini ileile ya Safari, yaani sehemu inayosoma kurasa na kuzionyesha. Ukurasa ukigoma kwenye Safari kwa sababu ya injini, usipoteze muda kuupeleka Chrome. Utafute kompyuta.

Arusha

Kwa wanaouliza WhatsApp: programu ya iPad ipo tangu Mei 2025. Kabla ya hapo ilikuwa kupitia kivinjari tu. Mimi ni wakala wa utalii, nazungumza na wageni siku nzima, na iPad imenisaidia kuandika majibu marefu bila kuumiza shingo.

Kampala

Wakuu, kwangu hali ni ngumu zaidi. Kishikwambi changu ni Huawei kilichotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019, kwa hiyo hakikuja na huduma za Google. Gmail naisoma kwenye programu ya barua ya kawaida, YouTube na Google Docs ya kuandikia kwenye kivinjari. Kusoma na kuandika kunakwenda. Tabu ni programu za wengine zinazotegemea Google kwa ndani. Ya benki yangu iligoma kabisa, nikarudi kuitumia kwenye simu. Kuna aliyepata njia salama? Sitaki kupakua faili la benki kwenye tovuti nisiyoijua.

Nairobi

Naongea kuhusu pesa, kwa sababu hapo ndipo niliumia. Nilikuwa na iPad, nikaongeza nafasi ya hifadhi mtandaoni, nikilipa ndani ya iPad kwa kadi. Baadaye nikauza iPad, nikabaki na simu ya Android. Nikaingia kwenye akaunti ya hifadhi nisimamishe malipo, sioni kitufe. Miezi minne kadi inakatwa. Jibu lilikuwa kwamba aliyepokea pesa ni duka la programu la iPad, na usajili unasimamishwa hukohuko, hata kama huduma ni ya kampuni nyingine. Nilifungua akaunti ya Apple kwenye kompyuta ya rafiki, nikausimamisha.

Na programu ulizolipia Play Store, duka la Android, haziji na wewe App Store, duka la Apple. Unanunua upya.

Mwanzisha uzi

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Dada wa Mombasa, hilo la makro limeniokoa, maana jedwali letu la matokeo linayo. Ndugu wa Kampala, kwa benki baki na simu, usihatarishe fedha zako.

Niongeze moja. Mwezi wa tatu simu yangu iliibwa stendi. Google ikataka kuthibitisha kwamba ni mimi, na ujumbe wenyewe unakwenda kwenye laini iliyoibwa. Kilichonifungulia ni zile namba za siri za akiba ambazo Google hukupa, 10 kwa mkupuo, kila moja tarakimu 8 na hutumika mara moja. Nilikuwa nimezichapa shuleni. Zimebaki tisa, ziko kwenye bahasha moja na vyeti vyangu.

Mwenye uzoefu wa picha za Google kwenye iPad aendelee hapo chini. Zangu zinapanda nikiwa nimeifungua programu yenyewe, nikiifunga, zinasuasua.