Mlango wa siri wa Mario 1-2 unagoma, nisaidieni kabla ya Jumamosi

Kibanda Igoma
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha gemu hapa Igoma, runinga 3, mashine za Kichina za kaseti, benchi mbili. Nauliza kuhusu Super Mario Bros. ile ya kwanza kabisa, ya 1985. Kwenye 1-2 (dunia ya 1, hatua ya 2) kuna Warp Zone, chumba cha siri chenye mabomba ya kurukia dunia za mbele, ambayo kila mtoto wa mtaani anaijua, ile ya kupanda juu ya dari na kukimbia hadi mwisho. Siulizii hiyo. Naulizia ile ya kupenya ukuta ukatokea dunia ya -1, yenye maji. Jana nimejaribu kuanzia saa 2 usiku hadi umeme ulipokatika, Mario anagonga ukuta anarudi. Nataka niweze kuingia kila ninapotaka, kabla ya Jumamosi. Nakosea wapi?

Sato Mbichi
Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi waje.

Fundi Kaseti
Mkuu, karibu kila anayeshindwa hapo amekosea tofali. Twende taratibu.

Kwanza uwe Mario mkubwa, maana mdogo havunji tofali. Uyoga upo mwanzoni kabisa mwa 1-2, kwenye yale masanduku 5 ya alama ya kuuliza. Ukifika mwisho utaona bomba la kutokea limelala ubavu, limeungana na bomba refu lililosimama. Panda juu ya lile lililolala. Juu ya kichwa chako kuna matofali ya dari. Linaloshikana na bomba refu usiliguse. Vunja la pili na la tatu, acha la kwanza linaning'inia peke yake.

Halafu simama ukingo wa kushoto wa bomba, uso uangalie KUSHOTO. Chuchumaa, ruka ukiwa umechuchumaa, na ukiwa hewani ndipo ubonyeze kulia. Yaani unaenda kinyumenyume. Kichwa kiwe chini ya lile tofali, miguu iguse ukuta. Gemu ikimkuta Mario amenasa ndani ya ukuta inamtoa kuelekea nyuma ya mgongo wake. Akitazama kushoto anatolewa kulia, ndani ya bomba hadi upande wa pili. Wewe nahisi unaruka ukiwa umegeukia kulia, ndiyo maana anarudishwa.

Ukikosa, rudia hapohapo, huna haja ya kujiua. Ila ukilivunja lile tofali la kwanza, basi, imekwisha.

Pete Hamsini
Mario mnahangaika na matofali ya nini? Milango ya siri ya kistaarabu ipo Sonic, gemu ya Sega. Sonic 1, maliza hatua ya 1 au ya 2 ya eneo ukiwa na pete 50 au zaidi, pete kubwa inatokea pale mwisho, unairukia. Kwenye hatua ya 3 pete hiyo haipo, usiisubiri. Sonic 2 wakabadilisha, mlango uko kwenye nguzo za njiani. Gusa nguzo ukiwa na pete 50, nyota zinazunguka juu yake, ruka katikati. Watu wanalalamika "nyota hazitoki" kumbe nguzo wameigusa na pete 49. Nguzo iliyokwisha kuguswa haikupi nafasi ya pili. Na ukitoka huko ndani pete zako zimekuwa sifuri, unaanza kuokota upya.

Halafu nenda kwenye mipangilio uchague Sonic peke yake. Yule mwenzake Tails anakufuata kwa kuchelewa, wewe umeshakwepa bomu, yeye analivaa, pete zinamwagika.

Kibanda Igoma
Asante Fundi, nilikuwa naangalia kulia kweli. Pete Hamsini, hapa hatuna Sega mkuu.

Dagaa wa Nansio
Kwa nini iwe kabla ya Jumamosi? Mario ana umri wa wazazi wetu, hajawahi kuwa na haraka.

Kibanda Igoma
Kuna kashindano kadogo tu cha vijana. Mambo ya kuchangamsha kibanda.

Fundi Kaseti
Ngoja niongezee, maana kupenya ukuta ni nusu ya kazi. Ukishatokea upande wa pili utaona mabomba 3. Usitembee. Skrini ikisogea mpaka yale maandishi ya kukaribisha yakatokea, mabomba yanakuwa ya kawaida, yaani ya kwenda dunia ya 4, 3, 2, na umepoteza. Unatakiwa uzame kabla ya maandishi. Bomba la kushoto na la kulia yanakwenda -1. La kati linakwenda 5-1, hatua ya kawaida kabisa.

Sababu yake ni kwamba maandishi yakiwa hayajatokea, gemu bado imeshika namba za Warp Zone nyingine, ile ya 4-2 yenye bomba moja tu la kati la kwenda 5. Pembeni hakuna bomba, kwa hiyo gemu inasoma alama ya nafasi tupu kana kwamba ni namba ya dunia. Nafasi tupu kwenye orodha ya herufi zake ni namba 36. Kwa hiyo umekwenda dunia ya 36-1, ila 36 inachorwa kama nafasi tupu, jicho linaona -1. Hakuna mtu aliyekaa chini akaitengeneza dunia hiyo.

Sasa swali langu, mkuu. Mle ndani unatafuta nini? Maana hakuna kitu.

Dagaa wa Nansio
Nakazia swali. Kashindano ka nini hasa, na zawadi ni nini?

Kibanda Igoma
Sawa, niseme yote. Nimetangaza kwamba atakayemaliza dunia ya -1 mbele ya watu anachukua 150,000. Kiingilio 2,000. Mpaka leo wameandikishwa 31. Nataka niwaonyeshe mlango wenyewe Jumamosi asubuhi, wasije wakasema ni uongo. Pesa yenyewe nimeshaanza kuitumia, nimenunua pedi 3 za kuchezea gemu kwa 15,000 kila moja na bango 12,000, kwa hiyo kuahirisha haiwezekani.

Na ina mwisho, msinitishe. Kijana wangu wa zamu ameingia kwa bomba la kati akafika hatua ya tatu, akasevu, umeme ukakata. Ana hadi picha kwenye simu, Bowser, lile jitu adui wa Mario, yuko ndani ya maji.

Mzigo wa Kamanga
31 mara 2,000 ni 62,000. Pedi 45,000, bango 12,000, jumla 57,000. Mkononi una 5,000. Hiyo 150,000 inashuka na kivuko gani?

Sato Mbichi
😂😂 Zawadi iko dunia ya -36.

Fundi Kaseti
Mkuu, kwenye kaseti -1 haina mwisho. Ramani yake ni ileile ya 7-2, yenye ngisi na samaki. Unaogelea mpaka bomba la mwisho, unaingia, unatokea mwanzoni mwa -1. Utazunguka hivyo mpaka maisha yaishe.

Inayomalizika ni ya Famicom (mashine ya Nintendo) ya disketi, ya Japani, iliyotoka 1986. Humo kuna -1, -2 na -3, na ukishinda -3 gemu inaisha. Ile -1 yao ndiyo yenye Bowser na binti mfalme majini. Kwa hiyo picha ya kijana wako ni ya disketi, na kibanda chako hakina disketi. Hizo mashine za Kichina zinabeba nakala ya kaseti. Na usije ukakimbilia Super Mario All-Stars ya 1993, humo tundu lenyewe lilizibwa.

Mama Kulwa
Mwanangu, nitasema usichopenda kusikia. Umechukua elfu mbili mbili za watoto wa watu kwa mlango usio na upande wa pili. Kuna mtoto hiyo ndiyo nauli yake ya shule. Na kuchangisha kiingilio kwa ahadi ya pesa, umeuliza popote? Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, nenda ukaulize hilo kabla hujaulizwa wewe. Rudisha.

Kibanda Igoma
Shikamoo mama. Sikuwa najua kwamba haina mwisho. Na mashindano ni ya uwezo, sikumlazimisha mtu. Hata Warp Zone ya kawaida watu walibisha mpaka wakaiona.

Pete Hamsini
Ungewawekea Sonic 3 haya yasingetokea. Kule pete kubwa zimefichwa ndani ya hatua zenyewe, nyuma ya kuta za kuvunja na kwenye kona ambazo mtu hapiti, na zote zinafanya kazi. Ukishapata zumaridi zote za kwenye hatua za siri, pete kubwa inakupa pete 50 badala ya kukuingiza.

Mpima Maji
Jamani, hii ni chai na mnaikoroga wenyewe. Someni tena. "Ameingia kwa bomba la kati." Fundi kashasema la kati ni 5-1. "Akafika hatua ya tatu." Kwenye kaseti hakuna hata ya pili. "Akasevu." Super Mario ya kwanza haina betri wala kumbukumbu, ukizima umezima. Sentensi moja ina uongo watatu. Hakuna kibanda, hakuna vijana 31, kuna mtu amesoma makala akaamua kututengenezea stori.

Sato Mbichi
Naomba na andazi.

Mzigo wa Kamanga
Chai ya kweli huwa mahesabu yanalingana. Mtu anayetunga hawezi kujianika kwamba amebakiwa na 5,000. Mimi naamini.

Fundi Kaseti
Mpima Maji, kwenye kusevu uko sahihi. Ila sina hakika kwamba mleta uzi anatunga. Zile kaseti zinazoandikwa michezo mia kadhaa, gemu za kweli ni chache. Zilizobaki ni hizohizo zimerudiwa, ila zinaanzia hatua nyingine, ili orodha iwe ndefu. Kijana anaweza kuchagua mstari mwingine wa menyu, akaanzia kwenye hatua ya maji, akaamini kabisa yuko dunia ya siri. Mleta uzi, fanya jambo dogo. Washa, penya, zama la kati, tuambie juu ya skrini pameandikwa nini.

Mpima Maji
Umeme utakuwa "umekatika."

Kibanda Igoma
Mpima Maji, njoo Igoma uulize kibanda chenye bango jipya. Umeme upo. Nampigia kijana kwanza.

Dagaa wa Nansio
Wakati tunasubiri: kama ni mashindano, weka kitu ambacho mtu anaweza kushinda. Kuna meli ya sarafu ya Super Mario Bros. 3. Sarafu zako ziwe za 11, yaani 11, 22, 33. Tarakimu ya makumi kwenye alama ifanane na hiyo ya sarafu. Umalize hatua saa ikiwa imebaki namba shufwa. Wale majambazi wa nyundo kwenye ramani wanageuka meli imejaa sarafu. Dunia ya 1, 3, 5 na 6 tu.

Fundi Kaseti
Hiyo ngumu kuhukumu na watu 31. Wape mbio rahisi. Kila mtu anaanza mashine ikiwa imezimwa, saa ya simu inawashwa, wa kwanza kuona 8-1 kwenye skrini ameshinda. Njia ni 1-2 kupita juu ya dari, bomba la kushoto, unatua dunia ya 4. Halafu 4-2, ule mmea unaopanda, tena bomba la kushoto, unatua ya 8. Wanaoshindana duniani kwa kupitia Warp Zone wanaimaliza gemu nzima chini ya dakika 5, kwa hiyo kijana wa kawaida hatakumalizia siku. Zawadi iwe ya kiasi ulichonacho.

Kibanda Igoma
Nimerudi. Nimepenya mara ya nne, uso kushoto kama ulivyosema. Bomba la kati: 5-1. Nikajiua nikarudia, la kushoto: -1, maji. Nimefika mwisho, nikaingia bomba, nikatokea mwanzo. Nimezunguka mara mbili. Kijana anasema picha alitumiwa na rafiki yake, na la kati "alisikia".

Mpima Maji
Picha ya skrini?

Kibanda Igoma
Simu yangu ya vitufe. Naandika kwa simu ya mteja.

Mpima Maji
Chai ina tangawizi sasa.

Mama Kulwa
Na zile 62,000?

Kibanda Igoma
Mama, nitawaambia Jumamosi asubuhi kwamba mashindano yamebadilika, anayetaka pesa yake apewe. Wachache tu watataka, nawajua. Fundi, tofali la mmea 4-2 liko wapi? Nimefika pale mara mbili nimelipita.

Fundi Kaseti
Wapewe wote wanaotaka, na wasikie leo, si Jumamosi.

4-2, ukishavuka lifti utaona matofali 3 yako juu, huyafikii. Chini yake panaonekana patupu, lakini kuna masanduku yasiyoonekana. Rukaruka hapo mpaka yatokee, yapande, kisha gonga matofali mmea uchomoze. Usikimbie kabla ya kufika, ukisogeza skrini mbele hairudi nyuma.

Kuzoea bila kuanza 1-1 kila mara: maisha yakiisha ukiwa dunia ya 4, kwenye skrini ya mwanzo shikilia A ndipo ubonyeze Start. Inakurudisha 4-1. Jaribu kwanza kama pedi zako mpya zina A inayoshika, za 15,000 nyingi huwa A ndiyo inaanza kufa.